Uvimbe wa Kichwa Usiopungua Baada ya Mtoto Kuanguka

Mtoto wa miezi minane aangukapo kutoka kitandani au mgongoni mwa dada aliyembeba, hulia, hunyonya, kisha hulala. Kesho yake nundu huonekana juu ya sikio, hukandwa kwa maji ya moto, na habari huishia hapo. Mara nyingi huisha kweli. Ipo, hata hivyo, hali adimu inayowapata zaidi watoto walio chini ya umri wa miaka 3, nayo hujitokeza wakati familia imekwisha kuisahau ajali yenyewe.

Katika umri huo, utando mgumu unaoufunika ubongo huwa umeshikamana sana na mfupa wa fuvu. Fuvu likipata ufa, utando huweza kuchanika pamoja nalo. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi na hupwita kwa kila pigo la moyo. Kila upwitapo, majimaji yanayouzunguka husukumwa kupitia penye mchaniko, yakajikusanya na kufanya kifuko chini ya ngozi. Kingo za mfupa huliwa polepole, na ufa ambao ungejiunga wenyewe huzidi kupanuka. Ubongo nao huweza kuchomoza humo na kujeruhiwa. Hapo ndipo huja degedege, au udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja.

Nundu ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ya kutiliwa shaka ni ile inayodumu kwa wiki kadhaa au kuongezeka, iliyo laini, na pengine yenye kupwita chini ya kidole. Haifai kuikanda, kuichanja wala kuitoboa: kilichomo si usaha bali ni maji ya ubongo, na tundu dogo tu huweza kupitisha vijidudu.

Mtoto huyo apelekwe zahanati au kituo cha afya, na mhudumu aelezwe lini na jinsi gani alianguka, hata kama miezi imepita. Walezi wengine hulificha hilo kwa kuogopa lawama. Hofu hiyo inaeleweka, lakini bila taarifa hiyo uvimbe huweza kudhaniwa kuwa jipu. Kipimo cha CT huuonyesha ufa, na upasuaji wa kuuziba utando hufanywa na mabingwa, wakiwemo wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Mtoto anayetapika mara kwa mara baada ya kuanguka, asiyeamka kwa urahisi, anayepata degedege, au anayetokwa na damu au maji puani au masikioni, hasubiri siku ya kliniki. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.