Manati na Mahali Jiwe Liangukapo

Mpunga na mtama ukianza kukomaa, watoto hupelekwa mashambani kuamia ndege. Hukaa juu ya dungu tangu alfajiri, na mkononi wana manati, yaani kijiti chenye panda, mipira miwili na kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Kazi hii ni njema, kwa kuwa chakula cha nyumba chaitegemea. Lakini twaona kwamba wengi wajua kufyatua, wala hawajui jiwe litaanguka wapi. Leo twapenda kulieleza jambo hili.

Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulikuwa tukilenga juu sana, karibu na utosi, tukidhani kwamba jiwe lirushwalo juu halina madhara. Siku moja jiwe letu lilivuka ua likavunja mtungi wa bibi mmoja jirani, naye alikuwa ameinama kando yake akiosha vyombo. Mtungi ulilipwa. Je, kama lingalimwangukia kichwani, tungalilipa nini?

Sababu yake ni hii. Jiwe likitoka katika manati lina mienendo miwili pamoja: lakwenda mbele, na tena lapanda juu. Wakati huo huo dunia yalivuta chini bila kukoma. Ukilenga chini sana, jiwe lina mwendo mwingi wa mbele, lakini halina muda, mara laanguka. Ukilenga juu sana, lina muda mwingi hewani, lakini mwendo wake wa mbele ni mchache. Ukilenga katikati, yaani nusu ya pembe mraba, ndiyo digrii 45, lapata muda wa kutosha na mwendo wa kutosha, nalo lafika mbali kuliko yote.

Tuseme jiwe latoka kwa mwendo wa futi 80 kila sekunde, na uwanja ni tambarare. Tukiacha kuhesabu kizuizi cha hewa, litaanguka hivi:

Digrii 15: futi 100
Digrii 30: futi 173
Digrii 45: futi 200
Digrii 60: futi 173
Digrii 75: futi 100

Msomaji na atazame vema. Jiwe la digrii 15 na la digrii 75 huanguka mahali pamoja. Lakini la kwanza hupanda kadiri ya futi 7 tu, nalo hufika kwa sekunde moja na kidogo. La pili hupanda futi 93, hukaa hewani karibu sekunde 5, kisha hushuka kutoka juu, mahali ambapo hakuna mtu atazamaye. Hilo ndilo lililovunja mtungi.

Elimu hii ni ya zamani. Niccolò Tartaglia wa Italia aliandika mwaka 1537 kwamba mzinga hupiga mbali kabisa ukiinuliwa digrii 45. Baadaye Galileo Galilei alilithibitisha jambo hilo kwa hesabu katika kitabu kilichopigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638.

Yako mambo mawili ya kuongeza. Hewa hulizuia jiwe, kwa hiyo masafa hupungua kuliko hesabu yetu. Tena, mwenye kusimama juu ya dungu hupata masafa marefu kabisa akilenga chini kidogo ya digrii 45, maana jiwe lake lina nafasi zaidi ya kushuka.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake. Na aifunge manati imara katika nguzo, mahali peupe pasipo watu wala wanyama, atumie madonge ya udongo yaliyo sawa, na kuvuta mpira mpaka alama ile ile kila mara. Karatasi yenye pembe mraba ikikunjwa mara moja kupitia penye pembe hiyo, kingo zikutane, yatoa digrii 45. Pembe ile ikikunjwa sehemu tatu sawa, yatoa digrii 30. Kisha wapime kwa hatua.

Nanyi wakubwa wa vijiji, waagizeni watoto waamiao wasielekeze manati upande wa nyumba wala njia, hata wakilenga juu. Ajuaye kufyatua na ajue pia mahali jiwe liangukapo.