Abasia ya Peramiho: Historia na Usanifu wa Nyumba ya Kimonaki Mashambani

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Ruiru na Thika amezoea majengo ya mawe yachimbwayo Ndarugo. Atakaye kuona abasia iliyojengwa mashambani kwa mtindo wa Kiromaneski anaweza kuipata Peramiho, takriban kilomita 24 magharibi mwa mji wa Songea, kusini mwa Tanzania. Makala haya yanadhamiria kueleza historia na usanifu wa abasia hiyo. Aidha, yanashikilia kwamba jengo, mithili ya utenzi, halisomeki ipasavyo likitengwa na muktadha uliolizaa.

2.0 Dhana ya Abasia

Abasia ni makao ya wamonaki wanaoongozwa na abate. Wabenediktini hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura ya 66 ya Kanuni hiyo inaagiza kwamba maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani ya makao, ili mmonaki asilazimike kutangatanga nje. Kwa hivyo, abasia si kanisa tu, bali ni kijiji kinachojitegemea. Ndiyo maana Peramiho, pamoja na kanisa, ilikuza hospitali, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji.

3.0 Historia

Shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien liliasisiwa Ujerumani mwaka 1884. Wamisionari wake wa kwanza walifika Afrika Mashariki mwaka 1888 wakatua Pugu, lakini misheni hiyo ilivamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Miaka tisa baadaye, mwaka 1898, Padri Cassian Spiss alianzisha misheni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni.

Ifahamike kwamba wamisionari hawakufika mahali patupu. Wangoni walikuwa na mahoka, yaani mizimu ya wahenga, na vibanda vya kuwaenzia. Padri Franziskus Leuthner alikiteketeza kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, moto ulirudi kwa aliyeuwasha: misheni ya Peramiho ilichomwa, na Leuthner akauawa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, alikuwa ameuawa pamoja na wenzake wanne safarini karibu na Liwale. Serikali ya Kijerumani ililipiza kisasi bila huruma. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, Mputa miongoni mwao.

Misheni ilijengwa upya, na mwaka 1931 ikapandishwa hadhi kuwa abasia yenye mamlaka ya jimbo. Gallus Steiger, mzaliwa wa Uswisi, alikuwa abate wake wa kwanza, naye alikuwa pia askofu. Kanisa la abasia lilijengwa kati ya mwaka 1943 na 1948, yaani lilianzwa Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa. Mwaka 1969 mamlaka ya jimbo yalihamia Songea, chini ya Askofu James Komba.

4.0 Usanifu

Mtindo wa Kiromaneski ulienea Ulaya Magharibi takriban kati ya mwaka 1000 na 1200. Jina lake lilibuniwa na wataalamu wa karne ya 19, kwa kuwa tao lake la nusu duara linafanana na lile la Warumi wa kale. Katika makanisa mengi ya mtindo huo, dari ni tao refu la mawe, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati. Uzito wa dari hiyo husukuma kuta kuelekea nje. Kwa hiyo kuta hujengwa nene, na madirisha huwa madogo ili zisidhoofike. Abasia ya Fontenay nchini Ufaransa, iliyoasisiwa mwaka 1118, ni kielelezo mashuhuri.

Karne hizohizo, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa, na katika karne ya 14 ukapanuliwa kwa matao na kuba za mawe na chokaa. Hivyo, mtindo wa kanisa la Peramiho ulitoka Ulaya, lakini tao lenyewe halikuwa geni kusini mwa Tanzania. Hali kadhalika, Kiswahili hakikuhitaji kuazima kila neno ili kulieleza kanisa hilo: tao, kuba, nguzo, mnara na dari yalikuwa tayari vinywani mwa waashi wa pwani. Yaliyoletwa na dini, kama vile abate, abasia na altare, ni machache na yanatambulika kwa urahisi.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Peramiho ina historia mbili zisizotenganika. Mwenye kusifu matao ya kanisa bila kukumbuka kibanda cha mahoka amesoma nusu ya matini. Vilevile, anayekumbuka moto pekee na kuisahau kazi ya mikono iliyofuata amesoma nusu nyingine. Mhakiki wa Kiswahili, aliyezoea kuoanisha fani na maudhui, ana wajibu wa kuzisoma zote mbili pamoja.