Nani Anamwangalia Mtoto Siku ya Sikukuu?

Iwe Idi au Krismasi, boma la Inde, huku West Nile, huanza kujaa mapema. Wa Kampala wanashuka kwenye basi lililovuka Nile pale Karuma, wengine wanakuja na bodaboda kutoka Ariwara, wengine wanatokea Yei kupitia Oraba. Watu wazima wakishakuwa wengi, kila mmoja hudhani mtoto yuko na mwenzake. Hapo ndipo mtoto huungua.

Kabla moto haujawashwa, tajeni kwa jina nani yuko na mtoto gani, mpaka saa ngapi. Msiseme "yuko na shangazi zake". Na bibi asiachiwe wajukuu wote eti kwa kuwa amekaa tu kwenye mkeka: magoti yanamuuma, na mtoto anayeanza kutembea hulifikia sufuria la pilau kabla bibi hajainuka. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala matope.

Unga na nyama

Muhogo mchungu hauna haraka. Lazima ulowekwe au ufunikwe siku kadhaa mpaka uchachuke na kulainika, kisha uanikwe ukauke kabisa. Wageni wakikaribia, kuna anayekatisha siku hizo, au anayenunua unga wa bei rahisi asioujua ulikotoka. Mwezi wa Septemba 2017, kule Kasese, watu 98 walidhurika kwa unga wa muhogo wenye sumu, baadhi yao baada ya kula pamoja msibani, na wawili wakafa. Kuisonga enyasa (ugali wa muhogo) muda mrefu hakuondoi sumu iliyobaki kwenye unga.

Nyama nayo iwe ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima. Kimeta kimewahi kuwapata watu na mifugo wilayani Arua kati ya 2015 na 2017, upande wa Rhino Camp na Rigbo. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe hafai hata akiuzwa nusu bei: msimchune, msimkate, mwiteni afisa wa mifugo.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiporo kichemke hadi katikati ndipo mtoto ale.

Kinywa cha mdogo

Asali ya West Nile ni zawadi nzuri, na bibi wengi hupenda kumlambisha kitoto kidogo akitoka safari. Mkatalieni kwa adabu. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haliwezi kuvishinda. Aliye chini ya miezi sita anyonye tu: asipewe soda, chai, wala maji. Karanga nzima zisimfikie aliye chini ya miaka mitano, maana zinaziba koo. Zisageni, mzitie kwenye mchuzi.

Dawa za babu na bibi

Hili husahaulika kuliko yote. Bibi huhifadhi vidonge vyake vya presha kwenye fundo la leso, na vya babu viko mfukoni mwa koti lililotundikwa. Wajukuu wanazijua sehemu zote mbili, kwani humo ndimo peremende hutoka. Baadhi ya vidonge vya ugonjwa wa sukari, hata kimoja tu, huweza kumzimisha mtoto mdogo. Mgeni akifika, aombwe dawa zake na zifungiwe juu. Mtoto akimeza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali pamoja na pakiti yenyewe.

Mzee mwenyewe ana hatari yake. Amemeza dawa ya sukari asubuhi, ibada imechelewa, nyama haijaiva, na heshima inamzuia kudai chakula. Saa nane anatokwa jasho, anatetemeka, maneno yanapotea, na vijana wanacheka kwamba pombe ya kwete imempanda. Sukari imeshuka. Kama bado anaweza kumeza, mpeni nusu glasi ya soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia, msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Bora zaidi, mzee wa namna hii apakuliwe kwanza, hata kama askofu au sheikh hajafika.

Usiku

Watoto wa wageni hulazwa sebuleni bila neti. Pangeni neti kabla ya kupanga mikeka. Mtoto akichemka mwili, apimwe malaria kwa mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipewe masalio ya dawa ya mwenzake. Akiharisha, mpeni ORS na zinki. Mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au asiyeamka, hangoji kupambazuka. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, hasa kiangazi cha Desemba hadi Machi, fikirieni homa ya uti wa mgongo, naye aende usiku huohuo.

Kubalianeni mapema na dereva wa bodaboda ambaye hatakunywa usiku huo, na nambari yake iandikwe mlangoni kwa chaki.