Mfumo Endeshi Katika Kompyuta Isiyo Yake

Kompyuta mbili zaweza kuwa na prosesa ya aina moja, kumbukumbu ya ukubwa mmoja na kioo cha upana mmoja, na hata hivyo moja ikaupokea mfumo endeshi fulani na nyingine ikaukataa. Jambo hili huwatatiza wanafunzi wengi. Makala haya yanalieleza kwa kutumia mfano mmoja mashuhuri: mfumo endeshi macOS wa kampuni ya Apple ya Marekani, unapowekwa katika kompyuta mpakato iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Kompyuta ya namna hiyo huitwa Hackintosh.

Chanzo cha jambo hili

Kila jamii ya prosesa ina lugha yake ya maagizo. Kabla ya mwaka 2006, kompyuta za Macintosh zilitumia prosesa za PowerPC, ambazo lugha yake ni tofauti na ile ya prosesa za Intel zilizokuwamo katika kompyuta nyingi duniani. Mwezi Juni 2005 Steve Jobs, kiongozi wa Apple wakati huo, alitangaza kwamba kampuni yake itahamia Intel. Kompyuta za kwanza za aina hiyo zilitoka Januari 2006. Tangu hapo mfumo wa Apple na kompyuta za kampuni nyingine zilizungumza lugha moja ya maagizo.

Wengi waliojaribu kazi hii walikuwa na haja ya kweli. Programu ya Xcode, ambayo hutumika kutengenezea programu za simu za iPhone, huendeshwa ndani ya macOS tu. Kijana mwenye kipaji lakini asiye na fedha za kununua kompyuta ya Apple alijikuta nje ya mlango wa kazi hiyo.

Kanzu ya kipimo na nguo ya dukani

Mfumo wa Windows hutengenezwa ili ufae kompyuta za kampuni nyingi. Waweza kufananishwa na nguo ya dukani, iliyoshonwa kwa miili ya namna nyingi. macOS ni kama kanzu iliyokatwa na fundi kwa kipimo cha mtu mmoja. Apple huijua kila kompyuta yake, hivyo huweka katika mfumo draiva za vipande vichache tu inavyovitumia. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kipande fulani, kama kadi ya picha au kadi ya mtandao.

Ili kuona mahali ugumu unapotokea, yafaa kufuata hatua za kuwaka kwa kompyuta:

1. Umeme unapofika, programu ya msingi iliyomo katika ubao mama huamka na kukagua vipande.
2. Programu hiyo hukiita kipakizi, yaani programu ndogo yenye kazi ya kuuingiza mfumo endeshi katika kumbukumbu.
3. Kiini cha mfumo huanza kazi na kusoma majedwali ya ACPI. Hayo ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu vipande, betri, umeme na usingizi wa kompyuta. Utaratibu huu wa majedwali ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1996.
4. Kiini hukipa kila kipande draiva yake.

macOS huongeza sharti lake. Huuliza jina la aina ya kompyuta, na katika kompyuta za Intel hutafuta kipande cha Apple kiitwacho SMC, kinachosimamia joto, feni na umeme. Ndani ya kipande hicho mna maneno ya siri yanayohitajika ili kufungua sehemu za mfumo zilizofungwa kwa msimbo. Katika kompyuta ya kampuni nyingine kipande hicho hakimo.

Hapo ndipo huingia vipakizi kama Clover na OpenCore. Hivi husimama katikati kama mkalimani: huutajia mfumo jina la aina ya kompyuta ya Apple, hurekebisha majedwali ndani ya kumbukumbu, na kuingiza draiva za ziada, ikiwamo ile inayoiga SMC.

Somo la betri

Kompyuta ya mezani hubadilishwa vipande kwa urahisi. Katika kompyuta mpakato, kadi ya picha huwa imeunganishwa na ubao kwa risasi, na kila mtengenezaji huwa na njia yake ya kuunganisha betri na kibao cha kugusa. Mfano wa betri unaonyesha vizuri jambo lenyewe.

Katika kompyuta nyingi, kiasi cha chaji huandikwa kwa biti 16. Lakini draiva ya Apple iliyokuwa ikisoma habari hizo ilipokea biti 8 kwa mara moja. Biti 8 haziwezi kuandika namba inayozidi 255. Tuseme betri ina chaji ya 4,400. Namba hiyo yaweza kugawanywa hivi:

4,400 = (17 × 256) + 48

Basi, jedwali la ACPI husahihishwa ili litoe baiti mbili, 48 na 17, kisha ziunganishwe kwa hesabu hiyo hiyo. Bila marekebisho hayo, mtumiaji hajui kama umeme umebaki wa saa tatu au wa dakika tatu. Betri ni nzima na mfumo ni mzima. Kilichokosekana ni makubaliano ya namna ya kuhesabu.

Sheria na mwisho wa njia

Kuweza kufanya jambo si sawa na kuruhusiwa kulifanya. Anayepata macOS hanunui mfumo wenyewe. Hupewa leseni ya kuutumia, na leseni hiyo huuruhusu katika kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Mwaka 2008 kampuni ya Psystar ya Florida ilianza kuuza kompyuta zake zikiwa na mfumo huo. Apple iliishtaki, na mwaka 2009 mahakama iliamua kwamba Psystar ilivunja hakimiliki. Mahakama ya rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2011.

Hata asiyeshtakiwa hujenga juu ya mchanga. Mwezi Novemba 2009 toleo la 10.6.2 liliacha kufanya kazi katika prosesa za Atom, na kompyuta ndogo nyingi zilizokuwa zimerekebishwa kwa taabu hazikuwaka tena baada ya kupokea toleo hilo. Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta zenye prosesa yake yenyewe, M1, ambayo lugha yake ya maagizo si ya Intel. Juni 2025 ilitangaza kuwa toleo la 26, Tahoe, ndilo la mwisho kwa kompyuta za Intel. Kwa hiyo matoleo yanayofuata hayana maagizo ambayo prosesa ya Intel yaweza kuyaelewa, na hakuna kipakizi kiwezacho kuziba pengo hilo kwa kubadili majedwali.

Shule yenye kompyuta kuukuu haina haja ya kufuata njia hiyo. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, kina leseni inayomruhusu mtu yeyote kukitumia, kukisoma na kukirekebisha katika kompyuta yoyote. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi majedwali, draiva na viini vinavyofanya kazi atajifunza hayo yote humo, na kazi yake haitategemea ridhaa ya kampuni moja.

Maswali

1. Eleza kwa nini Hackintosh haikuwezekana kabla Apple haijahamia prosesa za Intel.
2. Chaji ya betri ni 3,000. Igawanye katika baiti mbili.
3. Je, anayenunua kompyuta hupata haki ile ile juu ya mfumo endeshi uliomo? Jadilini darasani.