Mbu wa Mtungini

Mombo ni mji uliopo chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe. Reli itokayo Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na leo barabara kuu iendayo Moshi na Dar es Salaam yapita papo hapo, na nyingine yapanda mlimani kwenda Soni na Lushoto. Mtu ashukaye kutoka Lushoto, akifika Mombo huvua koti lake. Joto hilo, pamoja na maji ya mashamba ya mpunga, huwapendeza mbu sana. Kwa hiyo watu wa huko waijua malaria tangu zamani. Usiku watoto hulala ndani ya chandalua, nao wafanya vyema.

Lakini yuko mbu mwingine asiyengoja usiku. Huyu ni mweusi mwenye madoa meupe, na miguu yake ina pete nyeupe kana kwamba amevaa bangili. Huuma mchana, hasa asubuhi na tena alasiri kabla jua halijachwa. Saa hizo ninyi mko uani, na chandalua chenu chalinda kitanda kitupu. Wataalamu humwita Aedes aegypti. Sisi na tumwite mbu wa mtungini, maana humo ndimo azaliwamo.

Mbu wa malaria hutaga mayai yake katika madimbwi na majaruba. Mbu wa mtungini hapendi kwenda mbali na watu. Hutaga katika pipa la maji, mtungi, debe, tairi bovu, kifuu cha nazi, hata kopo lililotupwa nyuma ya jiko. Jike peke yake ndiye aumaye, kwa kuwa ataka damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa maji matamu ya maua, wala hana ugomvi na mtu. Jike huyabandika mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Chombo kikikauka, mayai hayafi: yaweza kungoja miezi mingi, na siku maji yatakapotiwa tena, yataanguliwa.

Mkitaka kuyaona haya kwa macho yenu, tieni viluwiluwi vichache katika chupa nyeupe pamoja na maji yao, mkafunge mdomo wa chupa kwa kitambaa. Mtaviona vimening'inia, vichwa chini na mikia juu, maana huvuta pumzi kwa mkia. Baadaye hujikunja mfano wa alama ya mkato, na siku chache mbele mbu wataruka ndani ya chupa. Tangu yai kuanguliwa hata mbu kuruka, mahali penye joto, ni kama juma moja au siku kumi. (Msikifungue kitambaa hata mbu wote wafe!)

Basi mbu huyu ana madhara gani? Hueneza homa ya dengi, iitwayo pia kidinga popo. Jina hili si geni pwani. Mwaka 1870 homa kubwa ilienea Unguja, naye Daktari James Christie, aliyekaa huko, aliandika ya kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo. Ingawa wataalamu wengine wa siku hizi wadhani ya kuwa homa ile ilikuwa chikungunya, ambayo pia huenezwa na mbu huyu. Dengi yenyewe ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, ikafika na Tanga.

Mbu haruki kutoka Dar es Salaam hata Mombo. Tuseme mjomba amekuja kwa basi, naye ana homa. Mbu wa nyumbani kwenu amwuma mchana, anywa damu yenye virusi, na baada ya siku kama kumi aweza kumwambukiza kila amwumaye. Kwa hiyo mgonjwa naye hana budi kulala ndani ya chandalua mchana, ili mbu wasichukue homa kwake.

Homa hii huja kwa ghafula: kichwa chauma, macho yauma kwa nyuma, viungo na mifupa kana kwamba imevunjwa, na pengine vipele hutokea. Wengi husema, "Ni malaria tu," wakanywa dawa bila kupimwa. Ni kosa la hatari. Hakuna dawa iuayo virusi vya dengi. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi, na hupewa parasetamoli. Asipewe aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Akitapika sana, au tumbo likimwuma mno, au damu ikitoka puani au katika ufizi, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa turudi kwenye mtungi. Mjukuu asema, "Bibi, maji haya yana viluwiluwi, niyamwage?" Bibi ajibu, "Mjukuu wangu, nimeyateka mbali kwa kichwa changu, nawe wataka kuyamwaga?" Bibi ana haki. Maji yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe katika chombo kingine, na yale ya chini yamwagiliwe mchicha. Kisha mtungi usuguliwe kwa nguvu pande zote kwa brashi au kumbi la nazi, ili mayai yabanduke; asiyesugua amefanya nusu ya kazi. Ukijazwa tena, ufunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba, kwa kuwa kifuniko kilicholegea ni mlango wa mbu. Kazi hii ifanywe kila juma, siku ile ile. Makopo na vifuu vifukiwe, na tairi litobolewe au litiwe mahali pasiponyeshewa mvua.

Maswali

1. Kwa nini mtungi hufunguliwa na kusuguliwa kila juma, wala si kila mwezi?
2. Mgonjwa wa dengi alazwe wapi mchana, na kwa sababu gani?
3. Hesabu vyombo vyote vya maji nyumbani kwenu. Vingapi vina viluwiluwi?