MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mpenzi msomaji, yako madaftari ambayo yenyewe hupoteza habari. Mimi nimeyaonja.

Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya kitabu cha maktaba nilichokuwa nimekwisha kukirudisha. Nilikiazima nikiwa kidato cha pili, jina likaandikwa kwenye ukurasa wa darasa hilo. Nilipokirudisha nilikuwa kidato cha tatu, likaandikwa upya kwenye ukurasa mwingine. Kurasa hizo mbili hazikujuana! Mama akauza kuku wawili ili deni lilipwe, kumbe kitabu kiko rafuni muda wote.

Basi nikaanza kujiuliza: kwani benki na hospitali kubwa hufanyaje?

Jibu lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM huko Marekani. Alisema habari ziwekwe katika majedwali yanayohusiana. Hebu tuchukue maktaba. Jedwali la kwanza ni la wanafunzi: nambari, jina na darasa. La pili ni la vitabu: nambari na kichwa. La tatu ni la uazimaji: nambari ya mwanafunzi, nambari ya kitabu, tarehe ya kuazima na ya kurudisha. Jina langu huandikwa mara moja tu. Nikipanda darasa, panabadilishwa mahali pamoja, na nambari yangu hunifuata kama kivuli. Hiyo ndiyo hifadhidata ya uhusiano.

Programu za kazi hii ni nyingi, na baadhi huuzwa ghali. Nyingine ni programu huria, yaani yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuyasoma maagizo yaliyoziunda na hata kuyarekebisha. Mojawapo ni PostgreSQL, ambayo nembo yake ni ndovu. Ilitokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1986 na Profesa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Jina lake la sasa ililipata mwaka 1996. Hakuna kampuni moja inayoimiliki.

Utauliza, je, kitu kisicho na mwenyewe si kitaharibika? Naam, hapo ndipo penye siri. Wenye kukitunza hukutana. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2023 walikuwa na kongamano lililoitwa PGCon, makao yake mjini Ottawa, Kanada. Wakati wa korona liliendeshwa kwa njia ya intaneti. Mwaka 2024 lilipata jina jipya, PGConf.dev, likafanyika Vancouver, kuko huko Kanada.

Huko huja wanaoiandika programu na wanaoitumia kazini. Pana mihadhara mirefu na pia hotuba fupi za dakika tano. Pana hata vikao visivyo na ratiba ya mapema: wageni wenyewe hupendekeza mada, kisha huchagua za kujadiliwa. Watu wa kampuni zinazoshindana sokoni huketi meza moja wakibishana juu ya kasoro ileile. Huko, mtu hawezi kusema tu, "Mimi ndimi mkubwa, lipite!" Rekebisho lazima lisomwe na wenzake, likosolewe, ndipo likubaliwe. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa sisi wa Chama cha Kiswahili tunaingia wapi? Ujumbe ambao PostgreSQL humwonyesha mtumiaji hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwa lugha kama Kifaransa, Kijerumani na Kijapani. Kazi ya namna hiyo haihitaji fundi wa kompyuta peke yake, bali pia mtu anayeijua lugha yake barabara. Kwani sisi hatuijui yetu?

Huku tukingoja kompyuta, tumeanza na rula. Mwalimu wa maktaba alipouona mpango wangu alicheka, kisha akanipa madaftari matatu mapya. Mimi na wenzangu wawili tumeyapiga mistari: wanafunzi, vitabu, uazimaji. Tulibishana wiki nzima kuhusu nambari, tukakubaliana.

Kuku wa mama hawatarudi. Lakini wewe wa kidato cha pili, mwakani ukipanda darasa, mama yako atabaki na wake.