Jiko la Stima Nyumbani: Tuanze na Waya



Tukitembelea vikundi huku Matinyani siku hizi, tunakuta kitu ambacho zamani kilikuwa cha watu wa mjini tu: jiko la stima. Mengine huletwa na watoto wanaofanya kazi Nairobi au Mombasa wanapokuja nyumbani Krismasi. Mengine yananunuliwa kwa pesa za merigoraundi, kila mwezi mama mmoja. Kikundi kimoja kilituuliza swali kabla ya kuanza kununua: je, nyumba zetu zinaweza kulibeba jiko hilo? Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hulisahau. Watu huuliza bei ya jiko, rangi yake, na kama lina pleti moja au mbili. Waya uliofichwa ukutani hakuna anayeuulizia.

Tukumbuke stima ilivyotufikia. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo karibu na transfoma, ndani ya mita 600. Wengi wetu tuliingiza stima kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu. Fundi naye aliweka waya kwa hesabu hiyo hiyo. Nyumba nyingine zilipata kibao kimoja tu ukutani chenye swichi, soketi na taa, basi. Sasa tunataka kibao hicho kituchemshie sufuria ya maji. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Hesabu ndogo ya stima

Nyuma au chini ya kila jiko kuna karatasi au kibati kilichoandikwa wati. Taa ya siku hizi hutumia wati 10 hivi. Jiko la pleti moja hutumia 1,000 hadi 1,500. Kwa hiyo kuwasha pleti moja ni kama kuwasha taa mia moja au zaidi kwa waya mmoja. La pleti mbili hufika 2,000 hadi 2,500. Soketi yetu ya kawaida, ile ya matundu matatu ya mraba, mwisho wake ni ampea 13, yaani wati kama 3,000 kwa stima yetu ya volti 240. Jiko kubwa la pleti nne na oveni linapita hapo mbali. Hilo halichomekwi kwenye soketi hata kidogo. Linatakiwa kuwa na waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la mita, waya mnene wa milimita 6 za mraba au zaidi, fyuzi yake, na swichi yake kubwa ukutani.

Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 na wa soketi ni 2.5. Soketi iliyoungwa kwenye waya wa taa (na tumeziona) inachaji simu miaka mingi bila neno. Siku ukiweka jiko, waya unapata joto ndani ya ukuta ambako huoni. Ni kama kumtwika punda mmoja mitungi ya punda wanne. Atatembea kidogo, halafu ataanguka.

Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, na msiogope kumwomba awaonyeshe hiyo leseni. Kijana anayejua kufunga taa amefanya kazi nzuri ya taa, lakini jiko ni jambo lingine. Kikundi kikimwita fundi mmoja akague nyumba kumi siku moja, gharama ya kila mama inapungua sana. Kikundi kile tulichokitaja kiliamua hivyo: mzunguko wa kwanza wa fundi, na majiko baadaye.

Athi na ardhi yetu kavu

Stima ya nyumbani ina nyaya tatu. Wa kahawia (au mwekundu kwenye nyumba za zamani) huleta stima. Wa bluu (au mweusi) huirudisha. Wa tatu, wa kijani na njano, ni wa athi, yaani ule unaoingia ardhini. Kazi yake ni moja: stima ikivuja na kugusa bati la jiko, ikimbilie ardhini na fyuzi ikatike, badala ya kupitia mkononi mwako.

Huku kwetu athi ina shida yake. Udongo mkavu haupitishi stima vizuri. Chuma cha athi kilichopigwa futi mbili kwenye udongo wa Kitui kinaweza kufanya kazi Novemba mvua ikinyesha, na Septemba kikawa kama hakipo. Fundi akipige kirefu kabisa, kama inawezekana mahali penye unyevu, karibu na pale maji ya kuogea yanapomwagika, halafu akipime kwa chombo chake wakati wa kiangazi. Kumwagia maji kunasaidia kwa siku chache tu.

Kama sanduku lako lina swichi inayojikata yenyewe stima inapovuja, utaona kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze angalau kila miezi mitatu. Swichi isipoanguka imekufa, na ibadilishwe. Kama nyumba haina swichi hiyo na mnataka kutumia jiko, mwambieni fundi aiweke. Sisi tungeiweka kabla ya kununua pleti ya pili.

Sasa kuhusu mtindo wa kalamu. Mnaujua: plagi ya pini mbili haiingii, basi mtu anasukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu mpaka soketi ifunguke. Tundu hilo la juu ndilo la athi. Jiko lenye mwili wa bati likichomekwa kwa pini mbili halina athi yoyote, na mtoto ataishia kuweka msumari mahali alipoona wewe ukiweka kalamu. Jiko la bati lije na waya wenye nyaya tatu na plagi ya pini tatu. Lisipokuwa nazo, liacheni dukani.

Kitu kingine cha kuacha dukani ni lile jiko la waya wazi, ambalo waya uliosokotwa umelala tu kwenye mifereji ya udongo. Bei yake ni rahisi. Lakini waya ule una stima yenyewe. Sufuria ikiugusa, au uji ukifurika juu yake, aliyeshika mwiko wa chuma ndiye atakayejua. Chagueni pleti ya chuma iliyofunikwa au koili iliyo ndani ya bomba lake.

Ekstensheni na fyuzi

Ekstensheni ya bei rahisi ina waya mwembamba sana. Ni ya redio na simu. Jiko lichomekwe moja kwa moja ukutani, na soketi hiyo isiwe na pasi wala birika ya stima wakati jiko linafanya kazi. Fyuzi ya plagi ikikatika, inakuambia kitu. Ukiweka mahali pake waya au karatasi ya sigara, umemfunga mdomo mlinzi.

Mkitaka kujua kama mambo ni sawa, washeni jiko dakika kumi na tano, zimeni swichi, chomoeni, kisha mguse plagi. Ikiwa vuguvugu, hakuna neno. Ikikuchoma, acha kutumia mpaka fundi aje. Harufu ya plastiki inayoungua, soketi iliyogeuka rangi ya chai, taa zinazofifia sana ukiwasha pleti: zote ni habari za waya ulioelemewa.

Stima ikipotea

Hili tunaomba kila kikundi kilizungumze. Mama anapika, stima inapotea. Au tokeni inaisha. Anangoja, anachoka, anawasha kuni nje, halafu anaenda sokoni. Swichi ya jiko bado iko juu. Saa nane stima inarudi, au mtoto ametoka shule na kuingiza tokeni aliyotumiwa kwa simu. Pleti inawaka, juu yake kuna sufuria iliyokauka au kitambaa kilichowekwa hapo, na hakuna mtu jikoni. Moto wa kuni ukizimika umezimika. Huu unarudi wenyewe.

Basi iwe desturi: stima ikipotea, mkono wa kwanza uende kwenye swichi ya jiko, uirudishe kwenye sifuri, wa pili uchomoe plagi. Watoto wafundishwe kutazama jiko kabla ya kuingiza tokeni.

Watoto na wazee

Mtoto wetu amekua akiona mafiga. Anajua moto ni mwekundu na makaa yanachoma. Pleti ya stima ni nyeusi ikiwa baridi na nyeusi ikiwa moto, na hukaa na joto la kuunguza kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Susu naye, kama macho yamepungua, hawezi kutofautisha. Msiweke jiko chini sakafuni. Liwekwe juu ya jiwe, saruji au meza imara, mbali na pazia, magunia na chupa ya mafuta ya taa, waya wake usininginie mbele. Mikono ya sufuria igeuzwe upande wa ukuta. Ukizima, acha sufuria ya maji juu ya pleti mpaka ipoe. Mtoto hagusi pleti, na maji ya kuoshea vyombo unayapata bure.

Wengine wana jiko la gesi lenye pleti moja ya stima pembeni na oveni ya stima chini. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Funga gesi, fungua milango, toa watu. Na kama jiko hilo limechomekwa kwa plagi ya kawaida, pleti na oveni visiwashwe pamoja.

Utunzaji

Pleti mpya huwashwa bila sufuria dakika chache mara ya kwanza. Itatoa moshi na harufu, fungua dirisha tu. Kusafisha: chomoa, ngoja ipoe, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha. Usiimwagie maji na usiikwangue kwa kisu. Pleti ya chuma ikipakwa mafuta kidogo sana haishiki kutu. Sufuria iwe na kitako bapa na upana unaolingana na pleti. Sufuria iliyobonyea hupoteza stima nyingi. Panya pia hupenda waya, kwa hiyo tazameni nyuma ya jiko mara kwa mara.

Kuhusu pesa, jiko la wati 1,000 likiwaka saa moja ni yuniti moja. Gawanya pesa za tokeni kwa yuniti ulizopata, utajua bei yako mwenyewe. Isyo ya saa tatu ni yuniti kama tatu. Sufuria ya presha ya stima huivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja. Mjue pia kwamba katika bei zilizoanza Aprili 2023, anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi aliwekwa kwenye bei ya chini, na jiko linaweza kukutoa hapo haraka. Sisi tunaona jiko la stima linafaa kwa chai, uji wa mtoto na mboga za jioni. Muthokoi na isyo ziendelee kwenye jiko la udongo linalobana kuni, na hakuna aibu kuwa na yote mawili.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa. Usipoifikia, simama mahali pakavu na umsukume kwa mti mkavu, hata mchi wa kinu. Kama hapumui na kuna anayejua kusukuma kifua, aanze mara moja. Apelekwe hospitali hata akisema ni mzima.

Moto wa stima hauzimwi kwa maji. Zima swichi kubwa, mwaga mchanga mkavu. Mchanga tunao kwenye kila mto, kwa hiyo debe moja likae karibu na mlango wa jikoni. Mafuta yakiwaka sufuriani, zima jiko, funika kwa mfuniko, usibebe sufuria.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida polepole kwa dakika ishirini, hata kama maji ni ya kununua. Weka karai chini na uyachote tena. Siyo unga, siyo kimbo, siyo dawa ya meno.

Kazi ya kikundi

Mkutano ujao ufanyikie kwenye nyumba ya mwanachama mwenye stima. Tafuteni pamoja swichi kubwa, na kila mmoja aizime na kuiwasha, watoto wakiwapo. Someni kibati cha jiko na mhesabu wati. Mfuate waya wa kijani na njano kutoka kwenye sanduku mpaka ardhini, muone unaishia wapi. Kisha mjadili: ni nyumba ngapi za wanachama ambazo soketi ilitolewa kwenye waya wa taa? Ni nani kati yetu anatumia kalamu kwenye soketi? Stima ilipopotea mara ya mwisho, jiko liliachwaje? Na je, mko tayari kuchelewesha mzunguko mmoja ili fundi aje kwanza?